Je, baraza limpendelee mjane kwa sababu ni maskini? Haki na huruma katika Torati

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja mkoani Iringa. Mbele ya baraza letu limekuja shauri la mjane aliyekopa shilingi 300,000 kwa mwenye duka, naye mwenye duka akaichukua cherehani yake iwe rehani. Muda wa kulipa umepita, na mjane amerudisha 100,000 tu. Baadhi ya wazee wanataka tutamke kwamba deni limekwisha, kwa kuwa huyu ni mjane na hana kitu. Wengine wamefungua Kutoka 23:3, panapokatazwa kumpendelea maskini katika shauri lake. Nami nimesoma katika Kumbukumbu la Torati maneno “jicho lako lisihurumie”, nikabaki najiuliza kama huruma ilikuwa na nafasi yoyote katika sheria ya Musa, au ilingoja Injili. Tufanyeje, na tuielewe vipi sheria hii?

JIBU: Mzee wangu, wenzako waliofungua Kutoka 23:3 wamesoma sawasawa, na wale wanaomlilia mjane nao wana Torati upande wao. Kinachowagonganisha ni mahali pa kuiweka huruma. Torati inamkataza hakimu kuiingiza huruma ndani ya hukumu, kisha inamgeukia mdai, mwenye shamba, mwajiri na mji mzima, na kuwadai huruma hiyo kwa amri, kama wanavyodaiwa zaka na sabato. Kwa hiyo shauri lenu lina maswali mawili ambayo ni lazima yatenganishwe: je, deni lipo, na je, mwenye kudai ameruhusiwa kulidai kwa njia gani?

Tuanze na aya yenyewe. Mwanzo wa Kutoka 23 ni maagizo yanayowahusu watu wa barazani, yaani pale langoni mwa mji ambapo wazee waliketi kusikiliza mashauri. Mtu asivumishe habari za uongo, asiwafuate wengi katika kupotosha haki, asimpendelee maskini katika neno lake. Aya ya 6 inageukia upande wa pili na kukataza kupotoa hukumu ya maskini, na aya ya 8 inakataza rushwa kwa sababu inawapofusha hata wenye kuona. Lakini katikati ya maagizo hayo ya barazani, katika aya ya 4 na ya 5, yamewekwa mambo yanayoonekana kama yamepotea njia: ukimwona ng’ombe wa adui yako amepotea, umrudishie, ukimwona punda wa mtu akuchukiaye amelala chini ya mzigo wake, umsaidie. Siamini kwamba aya hizo zimefika pale kwa bahati. Adui wa mtu kijijini mara nyingi ndiye yule mwenye kesi naye. Barazani usimwongezee wala usimpunguzie, lakini mkutanapo njiani, naye amekwama na mnyama wake, hukumu mnayoisubiri langoni haikuondolei wajibu wa kuinama na kuinua mzigo.

Mpangilio huo huo umo katika Mambo ya Walawi 19. Aya ya 15 inaamuru kwamba katika hukumu asipendelewe maskini wala asistahiwe mwenye nguvu. Aya chache kabla yake, ya 9 na ya 10, mwenye shamba anakatazwa kuvuna pembe za shamba lake, kuokota masazo ya mavuno na kuyakwanyua mizabibu mpaka mwisho; hayo ni ya maskini na mgeni. Ni vema kuangalia jinsi amri hii inavyofanya kazi. Mwenye shamba hatoi kikapu kwa mtu anayempenda, wala haulizi kama anayeokota amestahili. Anaiacha pembe ya shamba, na maskini anaingia kwa haki yake mwenyewe, anafanya kazi kwa mikono yake, anarudi nyumbani na nafaka bila kumpigia mtu magoti. Ruthu Mmoabi aliingia katika shamba la Boazi kwa mlango huo, na wema alioongeza Boazi, wa kuwaagiza vijana wake waache masuke kwa makusudi, ulikuja juu ya haki ambayo tayari ilikuwepo.

Kwa nini basi hakimu azuiwe kufanya kile ambacho mwenye shamba anaamriwa kukifanya? Sababu ya kwanza imo katika Kumbukumbu la Torati 1:17: hukumu ni ya Mungu. Hakimu hatumii mali yake wala heshima yake anapokata shauri. Ameshika kitu cha mwingine. Sababu ya pili ni ya kawaida kabisa, na wazee wenzako wanapaswa kuipima. Baraza linalotamka kwamba deni la kweli halipo linatoa sadaka kwa mali ya mtu asiyeulizwa, na zaidi ya hapo linasema uongo. Sababu ya tatu ni ya maskini atakayekuja kesho, ambaye atafika kwenye duka lile lile akakuta mlango umefungwa. Torati yenyewe ililijua jambo hilo. Katika Kumbukumbu la Torati 15, ambapo madeni yanaachiliwa kila mwaka wa saba, aya ya 9 inamwonya mwenye mali asije akaona mwaka wa maachilio umekaribia akamnyima ndugu yake mkopo. Onyo hilo halikutosha, kwa maana karne nyingi baadaye, katika karne ya kwanza K.K., Hillel mwalimu wa Wayahudi aliona watu wameacha kukopeshana, akaweka hati iliyomwezesha mdai kuyakabidhi madai yake kwa mahakama ili yasifutwe na mwaka wa saba. Watu wamemlaumu na watu wamemsifu. Mimi naona alikuwa anawalinda wakopaji wadogo, ingawa alilipa gharama kubwa kwa kuuacha mwaka wa saba ubaki na nguvu kidogo.

Sasa tuje kwenye rehani, kwa sababu hapo ndipo Torati ina mengi ya kuliambia baraza lenu, na hapo ndipo naomba msome polepole.

Torati haimkatazi mdai kushika rehani. Inamkataza mambo mengine, na kila katazo linaonyesha kwamba mtunga sheria aliyajua maisha ya mtu anayedaiwa. Kutoka 22:25-27 inasema kwamba ukimkopesha maskini miongoni mwa watu wa Mungu usimtoze riba, na ukitwaa vazi la jirani yako liwe rehani umrudishie kabla jua halijachwa, kwa kuwa hilo ndilo analojifunika usiku. Akimlilia Mungu, Mungu atasikia, kwa sababu ni mwenye rehema. Kumbukumbu la Torati 24 inaendelea. Aya ya 6 inakataza kutwaa rehani jiwe la kusagia, la chini au la juu, kwa maana kufanya hivyo ni kutwaa uhai wa mtu. Aya ya 10 na ya 11 zinamzuia mdai asiingie nyumbani mwa mdaiwa kuchagua rehani. Asimame nje, na mdaiwa mwenyewe amletee. Aya ya 17 inakataza kabisa kutwaa vazi la mjane liwe rehani. Na aya ya 13, ikizungumzia kulirudisha vazi la maskini jua linapokuchwa, inasema kwamba jambo hilo litakuwa haki kwa huyo mdai mbele za Bwana, Mungu wake. Tendo ambalo sisi tungeliita hisani, na tungetegemea kushukuriwa kwalo, Torati inaliandika katika hesabu ya haki.

Nasisitiza lile la kusimama nje. Deni halibadiliki hata chembe kwa mdai kusimama uani. Kiasi ni kile kile, siku ya kulipa ni ile ile. Kinacholindwa ni mtu mwenyewe asiaibishwe mbele ya watoto wake, asione mkono wa mwingine ukipekua sanduku lake. Sheria inayojishughulisha na mahali anaposimama mdai imeona kwamba umaskini unauma zaidi ya mfuko.

Je, maagizo hayo yaliishi, au yalibaki maandishi? Nabii Amosi, katika karne ya 8 K.K., anawashutumu watu wanaojinyosha kando ya madhabahu juu ya mavazi yaliyowekwa rehani (Amosi 2:8), na shutuma hiyo ingekosa maana kama wasikilizaji hawakujua kwamba mavazi hayo yalipaswa kuwa yamerudi kwa wenyewe. Tunao pia ushahidi ulio nje ya Biblia, ambao naupenda kuliko mwingine wote katika jambo hili. Mwaka 1960, katika magofu ya ngome ndogo iitwayo Mesad Hashavyahu, kwenye pwani ya Israeli ya leo, wachimbuaji walipata kigae chenye maandishi ya Kiebrania kwa wino, ya mwishoni mwa karne ya 7 K.K. Ni ombi la mvunaji kwa mkuu wa mahali pale. Anaeleza kwamba alivuna, akapima na kuweka ghalani kama ilivyompasa, kisha akaja Hoshayahu mwana wa Shobai akalichukua vazi lake, inaelekea kwa madai kwamba kazi haikutimia. Ndugu zake waliovuna pamoja naye katika jua kali, anasema, watamshuhudia kwamba ni kweli na kwamba hana hatia. Anaomba vazi lake lirudishwe. Mistari ya mwisho imeharibika, lakini kwa usomaji unaokubaliwa na wengi mvunaji anamaliza kwa kusema kwamba hata kama mkuu hakuona kuwa amewajibika kulirudisha, basi na amhurumie.

Tazama mpangilio wa ombi hilo. Hakuanza na machozi. Kwanza alileta shauri lake na mashahidi wake, akadai haki. Huruma aliiomba baadaye, kutoka kwa mtu mwenye uwezo wa kuitoa, na hakumtaka mkuu aseme kwamba kazi ilitimia kama haikutimia. Mvunaji yule, ambaye jina lake hatulijui, alijua kutenganisha mambo mawili ambayo baraza zetu mara nyingi huyachanganya.

Kwa shauri lenu, basi, ningeshauri hivi. Baraza lianze kwa kusema ukweli: shilingi 200,000 bado zinadaiwa, na mjane ni mdaiwa wa halali. Mkishasema hivyo, mwenye duka hatakuwa na sababu ya kuwaogopa, nanyi mtakuwa na kinywa cha kumwambia la pili, ambalo ni zito kwake. Cherehani kwa fundi ni jiwe la kusagia. Ndiyo inayomlisha, na ndiyo peke yake inayoweza kulipa deni analodaiwa. Kuendelea kuishikilia ni kufanya lile ambalo Kumbukumbu la Torati 24:6 inaliita kutwaa uhai wa mtu, na kama anamtoza riba juu yake, Kutoka 22:25 imeshalizungumza. Airudishe, na mjane apewe ratiba ya kulipa inayolingana na kipato chake. Hapa hamumwombi mwenye duka upendeleo; mnamkumbusha sheria ya Mungu anayemwabudu pamoja nanyi. Kama akitaka kusamehe sehemu ya deni, hiyo ni hiari yake, nanyi msimtangulie kuisamehe.

Kisha liko jambo la tatu, ambalo naogopa wazee wa pande zenu zote mbili wamelisahau, nalo ni mfuko wa usharika. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inaamuru kwamba kila mwaka wa tatu zaka ya mazao iwekwe ndani ya malango ya mji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Mji mzima ulibeba mzigo huo. Wazee wanaotaka deni la mjane lifutwe wana njia iliyo wazi na ya heshima: walichangie. Na kama deni hili lina hati ya mkataba, au linagusa mali ya mirathi ya marehemu mume wake, wazee wasijifanye mahakama. Wamsindikize mjane mahali panapostahili.

Nije sasa kwenye swali lako la pili, kuhusu jicho lisilohurumia.

Maneno hayo yamo mara tano katika Kumbukumbu la Torati, na ni vizuri kuyajua yote matano: 7:16, juu ya mataifa ya Kanaani, 13:8, juu ya ndugu anayewashawishi watu kuabudu miungu mingine, 19:13, juu ya mwuaji wa makusudi, 19:21, juu ya shahidi wa uongo, na 25:12, juu ya mwanamke anayemshika mwanamume sehemu za siri katika ugomvi. Huwezi kuyakuta mahali popote panapotajwa mdaiwa, kibarua, mgeni, yatima au mwokota masazo. Kuhusu hao amri ni kinyume chake, usiufanye mgumu moyo wako wala usiufumbe mkono wako (15:7).

Aya ya 19:21 ndiyo inayowashtua wengi kwa sababu inaendelea na maneno “uhai kwa uhai, jicho kwa jicho, jino kwa jino”. Lakini angalia anayehukumiwa pale ni nani. Ni mtu aliyesimama mbele ya makuhani na waamuzi akamshuhudia mwenzake uongo, akitaka mwenzake auawe au akatwe kiungo au anyang’anywe mali. Atatendewa lile alilokusudia kumtendea ndugu yake. Kumhurumia mtu huyo kungekuwa kumwacha asiye na mtetezi mikononi mwa kila mwenye ulimi na fedha. Huruma inayokatazwa pale ni ile ambayo gharama yake angeilipa mtu asiye na hatia.

Kanuni ya jicho kwa jicho ni ya kale kuliko Israeli. Imo katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizochongwa juu ya nguzo ya jiwe jeusi yapata mwaka 1750 K.K.; nguzo hiyo ilichimbuliwa Susa, ndiyo Shushani ya kitabu cha Esta, mwaka 1901, na leo iko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Huko, mtu huru akimpofusha mtu huru mwenzake naye hupofushwa. Akimpofusha mtu wa tabaka la chini hulipa mina moja ya fedha, yapata nusu kilo. Akimpofusha mtumwa wa mtu hulipa nusu ya bei ya mtumwa, na anayelipwa ni bwana wa mtumwa. Katika Kutoka 21, mara tu baada ya kutajwa jicho kwa jicho, aya ya 26 na ya 27 zinasema kwamba bwana akiliharibu jicho la mtumwa wake, au hata akimng’oa jino moja, mtumwa huyo anakwenda zake huru kwa ajili ya jino lake. Fidia inamwendea aliyeumizwa, na anayeilipa ni bwana wake mwenyewe.

Tofauti nyingine naona ni kubwa zaidi. Katika sheria za Hammurabi, nyumba ikimwangukia na kumwua mwana wa mwenye nyumba, huuawa mwana wa mjenzi. Kumbukumbu la Torati 24:16 inakataza jambo hilo moja kwa moja: baba wasiuawe kwa ajili ya wana, wala wana kwa ajili ya baba. Katika 2 Wafalme 14:5-6 tunamwona Amazia, mfalme wa Yuda, akiwaua watumishi waliomwua baba yake na kuwaacha watoto wao hai, na mwandishi anataja amri hii kuwa ndiyo sababu. Kwa desturi za wafalme wa zama zile, kuwaacha hai watoto wa wauaji wa baba yako kulikuwa kujitafutia hatari. Hata hivyo nisimwonee Hammurabi. Yeye naye alimtoza faini mdai aliyekamata ng’ombe wa mtu kwa ajili ya deni, na aliwaachilia waliouzwa kwa deni katika mwaka wa nne, wakati Kutoka 21 inasubiri mwaka wa saba. Wakristo tunaoifundisha Torati kwa kuwachafua majirani zake hatuifanyii heshima.

Hata pale adhabu inapotolewa, Torati inaweka ukingo. Katika Kumbukumbu la Torati 25:1-3 mwenye hatia hupigwa mbele ya macho ya mwamuzi, kwa hesabu, na mapigo yasizidi 40, na sababu iliyotolewa ni kwamba ndugu yako asije akaonekana mtu duni machoni pako. Amekosa, amehukumiwa, amelala chini anapigwa, na bado anaitwa ndugu. Wayahudi wa baadaye walipunguza pigo moja wasije wakapitiliza, ndiyo sababu Paulo anasema kwamba alipigwa mapigo arobaini kasoro moja (2 Wakorintho 11:24). Vivyo hivyo miji sita ya makimbilio, ambayo Yoshua 20 inaitaja kwa majina, iliwekwa kwa ajili ya aliyeua bila kukusudia, kama mkata kuni ambaye kichwa cha shoka kimechomoka mpini na kumwangukia mwenzake (Kumbukumbu la Torati 19:5). Wenyeji waliagizwa kuitengeneza njia ya kwenda huko, kwa sababu mlipiza kisasi cha damu hukimbia akiwa na moyo uliochemka. Lakini mkimbizi bado alihukumiwa mbele ya mkutano, na kama aliua kwa makusudi wazee walimtoa. Aliyeua bila kukusudia naye hakurudi kwao mpaka alipokufa kuhani mkuu, kwa kuwa damu ilikuwa imemwagika kweli, hata kama hakukuwa na chuki.

Katika Hesabu 35:31 kuna katazo ambalo kwa mara ya kwanza huonekana kali: msipokee fidia kwa ajili ya uhai wa mwuaji. Mahali pengine palipokubali fidia ya damu, mtu tajiri aliweza kuua na kulipa. Kwa kuifunga njia hiyo, Torati ilizuia huruma isigeuke kuwa bidhaa.

Walimu wa Wayahudi walijua kwamba hapa hakuna jibu jepesi. Katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao juu ya sheria uliofanywa yapata mwaka 200 B.K., limehifadhiwa bishano lao: baraza kuu likimwua mtu mmoja katika miaka saba huitwa la uharibifu, Eleazari mwana wa Azaria akasema, hata mmoja katika miaka 70, Tarfoni na Akiba wakasema, sisi tungalikuwa barazani asingaliuawa mtu kamwe, naye Shimoni mwana wa Gamalieli akawajibu kwamba wao wangaliwaongeza wamwaga damu katika Israeli. Hakuna aliyefutwa katika maandishi hayo. Walimu hao hao walikuwa wamekwisha kuamua kwamba jicho kwa jicho litekelezwe kwa malipo: madhara, maumivu, matibabu, muda wa kazi uliopotea, na aibu. Naye Bwana Yesu alipoitaja kanuni hiyo katika Mathayo 5:38 alikuwa anasema na mtu aliyepigwa kofi, mwenye uwezo wa kuiacha haki yake mwenyewe. Hakumwambia mwamuzi ageuze shavu la mtu mwingine. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba huruma ilingoja Injili. Injili iliikuta tayari imeamriwa, ikaipeleka mbali zaidi katika mikono ile ile iliyokuwa imekabidhiwa.

Nisingekuwa mwaminifu kwako kama ningeishia hapo, kana kwamba kila aya inakaa vizuri. Mambo ya Walawi 25, sura ile ile ya Yubile, yaani mwaka wa hamsini wa kuwaachilia watu na kuwarudishia mashamba yao, inaruhusu katika aya za 44 hadi 46 watumwa wa mataifa kumilikiwa siku zote na kurithishwa kwa watoto. Kutoka 21:20-21 haimwadhibu bwana ambaye mtumwa wake aliyepigwa ameishi siku moja au mbili kabla ya kufa. Amri ya kuyaangamiza mataifa ya Kanaani ni ngumu kusomwa na mtu yeyote mwenye watoto. Sioni njia ya kuzilainisha aya hizo, na sipendi mahubiri yanayojaribu. Ninachoweza kusema ni kwamba ndani ya Torati hiyo hiyo zipo amri zinazokwenda upande mwingine, kama Kumbukumbu la Torati 23:15-16, inayokataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyetoroka na kuamuru aachwe akae mahali atakapochagua mwenyewe, wakati sheria za Hammurabi zilimpa adhabu ya kifo anayemficha mtumwa wa namna hiyo. Baraza linaloishika Torati leo linalazimika kuchagua ni amri zipi ziwe taa ya kuzisomea nyingine, na manabii walishachagua: Mika 6:8 inaanza na kutenda haki, kisha kupenda rehema.

Kama mnaweza kupata muda kabla ya kikao, someni pamoja Kumbukumbu la Torati 24 kuanzia aya ya 6 mpaka mwisho, na mwenye duka awepo. Kisha someni Nehemia 5. Watu waliorudi Yerusalemu kutoka uhamishoni walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka, na baadhi ya binti zao walikuwa wamekwisha kutiwa utumwani. Nehemia, aliyekuwa liwali wao, alikasirika sana, lakini aya ya 7 inasema kwamba kwanza alifanya shauri na nafsi yake. Hakutamka kwamba madeni hayakuwepo. Aliwaita wadai mbele ya kusanyiko kubwa, akawataka wayarudishe mashamba na nyumba siku ile ile na kuacha kutoza riba, na walipokubali akawaita makuhani akawaapisha, kwa sababu hakuridhika na ahadi ya mdomo. Na katika aya ya 10, kabla ya kuwadai wao chochote, alikiri mbele ya wote kwamba yeye mwenyewe, na ndugu zake, na watumishi wake, walikuwa miongoni mwa wanaokopesha fedha na nafaka.